Jiwe, Mzizi, Kushoto

Jumamosi moja, mvua ilipokatika saa tatu,
tulikwenda Karura kwa ajili ya watoto.
Ndivyo tulivyosema, mimi na Ndinda,
kila mmoja akimwambia kaka yetu,
si mwenzake.
Mwaka na miezi minane: cherehani ya mama
aliiuza elfu nne kwa fundi wa Kariobangi,
nami habari nikazipata kwa jirani.

Basi tukatembea. Yeye mbele na chupa ya chai,
mimi nyuma na mayai ya kuchemsha,
katikati watoto sita, Muthama akiwahesabu
kama mbuzi wa kuazima.
Mikaratusi ilikuwa ingali ikidondosha.
Nilitazama kisigino cha kiatu chake,
nikaona kimelika upande wa nje,
nikajikataza kuona.

Karibu na poromoko mtu akasema tupige picha.
"Rudi nyuma kidogo, shangazi."
Nikarudi.
"Kidogo tena."
Na hapo nikasimama katikati ya barabara kuu ya wenyewe.

Siafu hawabishi hodi.
Walipanda kimya, wakasubiriana
(naapa yupo mmoja anayetoa amri),
kisha wakauma wote kwa mkupuo,
kifundo, goti, paja, na kwingine
ambako shairi hili halitafika.
Nikaruka. Nikapiga ukemi wa Kikamba.
Nikakung'uta sketi mbele ya vijana wa baiskeli
na kikundi cha maombi kilichofumba macho, kikayafumbua,
na katika ngoma hiyo isiyo na mpigaji
miwani ikaniponyoka,
ikagonga jiwe mara moja,
ikaingia mtoni bila kuaga.

Dunia ikawa uji.
Uji wa kijani, na watoto wakicheka ndani yake.

Ndipo mkono ukanishika nyuma ya shingo.
"Tulia."
Nikatulia.
Akaniingiza kichakani, akanipandisha sketi
kama mtoto aliyejikojolea,
akaanza kuwachomoa mmoja mmoja.
"Huyu kichwa kimebaki," akasema.
Siafu ndivyo alivyo: ukimvuta, mwili huja,
kichwa hubaki kimeng'ata,
hakina habari kwamba mwenyewe ameshakufa.
Hatukusema zaidi kuhusu hilo.
Sisi si watu wa mafumbo.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Alinishika kiwiko.
"Jiwe," akasema. "Mzizi. Kushoto.
Tope, ruka. Umeruka mno. Mzizi tena."
Sijawahi kutajiwa dunia namna ile,
kitu kimoja kimoja, bila kupambwa.

Nikamkumbuka mama akiniita nimtungie uzi,
mimi niliyekuwa sioni hata tundu la kufuli
na sikutaka ajue;
na Ndinda, wa miaka saba, chini ya meza ya cherehani,
akiipokea sindano mkononi mwangu,
akinirudishia uzi umeshapita.
Mama akisema: macho ya binti huyu!
Na chini ya meza, kimya.

"Ngazi," akasema. "Tatu. Ya mwisho imevunjika."

Nilitaka kuuliza, ile elfu nne.
Nikauliza, "Mayai yako wapi?"
"Kima kala mawili. Mengine anayo Muthama."
"Na chumvi?"
"Chumvi kaiacha."
Alianza yeye kucheka. Sikumwona;
kiwiko ndicho kilichoniambia.

Getini askari akauliza kama mgonjwa anahitaji gari.
"Si mgonjwa," Ndinda akasema. "Haoni tu.
Tangu zamani."

Nilikuwa bado nimeukamata mkono wake,
ingawa pale palikuwa na lami,
tambarare, hakuna mzizi hata mmoja,
na mahali fulani nyuma ya goti
kichwa kimoja kilikuwa kinaendelea kuuma.